Kiti cha Meja cha Kuvizia Nguruwe

Kinyozi wa mtaa wetu hajawahi kuwa mwanajeshi hata siku moja. Tulimwita Meja kwa sababu ya masharubu yake, na kwa sababu alitembea kama mtu anayekagua gwaride. Siku aliyoingia karakana yangu alikuwa ameshika karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nne.

"Dada fundi, nataka kiti."

"Viti nenda kwa seremala. Mimi nachomelea vyuma."

"Ndiyo maana nimekuja kwako. Ni kiti cha kwenda nacho porini."

Akaikunjua karatasi. Shemeji yake, yaani kaka wa mkewe, alikuwa na kibali cha kuwinda nguruwe pori wanaofukua mashamba nje ya mji, na mara mojamoja alimchukua Meja wakaenda pamoja. Shida ni kwamba ukimvizia nguruwe ukiwa chini anakunusa mapema, anageuza, humwoni tena. Ukiwa juu harufu yako inampita kichwani, naye hana tabia ya kuangalia mbinguni. Kwa hiyo Meja alitaka kiti cha miguu mitatu, chenye ngazi, fimbo ya mbele ya kuegemezea bunduki, na chote kikunjike mtu akitie mgongoni aondoke nacho.

"Urefu?" nikamuuliza.

"Mita nne. Au tano."

"Umewahi kukaa juu kiasi hicho?"

"Mimi?" Akacheka. "Dada fundi, mimi nimezaliwa juu."

Sikuelewa maana yake, na sidhani kama yeye mwenyewe aliielewa. Nikaandika nne.

Nilikifanyia kazi kwa wiki mbili, katikati ya mageti na madirisha ya watu. Nilitumia mabomba membamba ili kisiwe kizito, nikaweka bawaba kwenye kila goti la mguu, na pini za kuchomoa kwa mkono. Kiti chenyewe nilikivisha turubai, fimbo ya mbele nikaizungushia mpira wa baiskeli ili isigongane na chuma cha bunduki. Kikiwa kimekunjwa ungedhani ni mwavuli wa jitu. Kikisimama hakitikisiki. Nilikipanda mwenyewe mara tatu kabla ya kumwita.

Alikuja Jumamosi asubuhi, mbio, akiwa bado na aproni yake nyeupe na kitana kimechomoza mfukoni.

"Haraka haraka," akasema. "Nimemwacha mteja kwenye kiti. Nimemwambia dakika mbili."

Akapanda. Vipandio vitano vya kwanza alivipanda kama Meja kweli. Vilivyofuata alivipanda kama mtu anayetafuta ufunguo gizani. Alipofika juu akageuka, akakaa, akaifunga fimbo ya mbele, kisha akafanya kosa la kuangalia chini.

Vidole vyake vikaikamata ile fimbo kama nimevichomelea mimi.

"Vipi?" nikauliza.

"Safi." Sauti ilikuwa nyembamba kama ya filimbi.

"Basi shuka tukikunje."

"Kwani una haraka gani? Acha nikizoee."

Nikarudi kwenye geti nililokuwa nalichomelea. Nilipoinua kinyago baada ya muda, Meja hakuwa amesogea hata shingo. Ni macho tu yaliyokuwa yanazunguka. Hapo nikaelewa yote. Mtu mwema angepanda akamshusha kimyakimya, mambo yakaisha. Mimi nilivua glavu, nikageuza ndoo, nikaikalia.

"Meja, unaona nini huko?"

"Naona... naona kila kitu."

"Uwani kwa fundi cherehani je?"

Fundi cherehani ni jirani yangu, tunatenganishwa na ukuta tu. Alikuwa na kitambaa cha mama mkwe wangu kwa mwezi mzima, na kila nikimuuliza gauni limefikia wapi, jibu lilikuwa kwamba bado vifungo.

"Kitambaa cha zambarau, chenye maua?" akauliza Meja.

"Hicho hicho."

"Kipo mezani. Hakijakatwa. Paka amekilalia."

"Na fundi mwenyewe?"

"Amelala pembeni ya paka."

Nikapaza sauti juu ya ukuta. "Jirani! Gauni la mama mkwe vipi?"

Sauti nzito ya usingizi ikajibu, "Bado vifungo tu, dada!"

"Basi mwondoe paka kwanza, vifungo vitamkwaruza!"

Nikasikia kiti kikianguka upande wa pili, na paka akilalamika.

Mama wa duka la pembeni alisikia kicheko changu akaja kuona kulikoni. Nilimweleza. Akatazama juu, akashika kiuno.

"Meja, hebu niangalizie mume wangu. Ameniaga anakwenda hospitali kupima sukari."

Nadhani Meja alikuwa anafurahi kuulizwa, maana mdomo ukiwa kazini mtu husahau magoti. "Yuko nyuma ya ghala la mbao. Amekaa juu ya gogo. Ana keki."

"Kipande cha keki?"

"Ilikuwa nzima nilipopanda."

Mama wa duka alifunga kilemba vizuri, akatoka kwa mwendo wa mtu anayekwenda kazini. Baada ya dakika chache tukasikia jina la mumewe likiitwa nyuma ya ghala, likiitwa lote, pamoja na la babake.

Habari hizo hazikukaa. Uwanja wa karakana ukaanza kujaa. Mmoja anataka kujua nani anayeegemeza pikipiki kwenye maua yake, mwingine anataka kujua kama kweli fundi bomba yuko njiani, kwa kuwa tangu juzi anasema yuko njiani. Hakuwa njiani, alikuwa anacheza bao. Meja akajibu, akafafanua, akaongeza na yasiyoulizwa. Masharubu yakarudi mahali pake. Kuanzia kiunoni kwenda juu alikuwa jenerali. Kuanzia kiunoni kwenda chini, miguu ilikuwa imejizungusha kwenye bomba kama mmea unaotambaa.

Ndipo akaingia fundi cherehani, futi ya kupimia shingoni, alama ya mto bado iko shavuni.

"Wewe uliye juu," akasema, "unaona ya wote. Na sisi wa chini tuna macho. Hebu shuka."

Watu wote wakainua nyuso kumtazama Meja.

"Niko kazini," akasema Meja.

"Kazi yako si kunyoa?"

Kabla Meja hajapata jibu, geti langu likafunguliwa akaingia mwalimu wa hesabu, bado ana kitambaa cha kinyozi shingoni. Kichwa chake upande wa kushoto kilikuwa kinang'aa kama sahani. Upande wa kulia ulikuwa bado una nywele zake zote.

"Alisema dakika mbili," mwalimu akatutangazia. "Dakika mbili zimepita mara ishirini na tano. Saa sita nasimamia harusi ya mdogo wangu. Nisimame hivi?"

Nyuma yake alikuwepo mke wa Meja. Yeye ni mkunga. Nusu ya watoto wa mtaa huu wamepita mikononi mwake, na sijawahi kumwona akikimbia wala kupiga kelele. Alimtazama mumewe mara moja, akatazama ile miguu iliyojisokota, akanigeukia.

"Ulijua?"

"Nilianza kujua," nikasema, nikaona aibu, ila si nyingi.

"Nyumbani hata taa ikiungua ni mimi ninayepanda meza." Akavua viatu, akaanza kupanda.

Alipofika usawa wa magoti ya mumewe akaongea kwa ile sauti yake ya kazini. "Haya, baba. Nitazame mimi. Usiangalie chini. Pumua."

"Napumua."

"Hupumui. Vuta ndani. Toa taratibu. Sasa nipe mguu. Huo wa kulia, si huo. Usisukume. Nimesema usisukume! Subiri nikuambie."

Mtaa mzima ulikuwa umeuma midomo. Kipandio kwa kipandio akamteremsha, mkono mmoja mgongoni kwake, akimsifu kila anapofanya vizuri. Nyayo za Meja zilipogusa ardhi, mama mmoja aliyezaa watoto wanne kwa mkunga huyo hakuweza kujizuia.

"Ametoka!" akapiga kelele. "Ni mvulana!"

Tulicheka mpaka nikalishika geti nisianguke. Mwalimu alicheka kwa pande zote mbili za kichwa. Meja mwenyewe alisimama, akatutazama mmoja mmoja, kisha masharubu yakacheza, naye akaangua kicheko. Kwa hilo namheshimu. Akamshika mwalimu mkono wakaondoka, na harusini mwalimu alifika amenyolewa sawasawa.

Mkunga hakuondoka nao. Alikuwa anakitazama kiti.

"Ngoja na mimi nikae kidogo," akasema.

Akapanda, akakaa, akaning'iniza miguu. Watu walimuuliza anaona nini, akasema haoni kitu, waende makwao. Wakaenda. Alikaa pale mpaka nikamaliza geti, mikono imelala mapajani.

"Miaka ishirini na miwili," akaniambia aliposhuka, "sijawahi kumaliza chai bila mtu kunigongea. Huku juu hakuna anayeniita."

Jumatatu alikwenda kuulizia kibali. Kumbe yeye na kaka yake walifundishwa kulenga na baba yao wangali wadogo, na kaka anakiri kwamba dada ndiye aliyekuwa anapiga kopo kila mara. Mpaka sasa mkunga ameshaangusha nguruwe wawili. Siku nyingine harudi na kitu, lakini hurudi na uso uliopumzika.

Meja hakosi hata safari moja. Yeye ndiye anayebeba kiti, kilo kumi na nane, mgongoni, kutoka kwenye gari mpaka kwenye vichaka, anakikunjua, anakagua pini moja moja, kisha anarudi garini kulinda chai. Na hapo dukani kwake, ukikaa unyolewe, atakusimulia jinsi walivyomvizia yule nguruwe mkubwa tangu alfajiri: tulisubiri, tukamwona, tukanyamaza, tukampiga. Ukimuuliza nani hasa aliyefyatua, anakuinamisha kichwa polepole kwa kidole kimoja, wembe uko nyuma ya sikio.

"Usitikisike," anakwambia.