Bwana Wangu Hakanyagi Chini

Kitendawili! Itika basi, usinikodolee macho. Bwana wangu hakanyagi chini. Wanne humchukua, wala hawamwulizi aendako. Nani huyo? Mtoto mgongoni? La, huyo humtosha mama mmoja. Mfalme? Wafalme wa siku hizi wana magari. Umeshindwa, nipe mji. Umenipa Juba? Naipokea. Lakini jibu sikupi bado. Limekaa kwenye ngazi moja kule Nyakuron, na Athieng analitazama tangu asubuhi.

Alikuwa kwenye baiskeli yake ya magurudumu matatu, ile ya kuzungusha kwa mikono, chini kabisa ya ngazi za jengo la mzee Arkangelo. Tope jekundu lilikuwa limemrukia mpaka kifuani, kwani asafiriye karibu na ardhi hupata sehemu yake ya barabara kabla ya wenzake. Njia nzima kutoka Munuki bodaboda zilimpigia honi kana kwamba ni yeye aliyeyachimba yale mashimo. Miguu yake ilipooza utotoni, kabla kambi ya Kakuma haijamfundisha Kiswahili na kushona. Mikono ndiyo iliyobaki kuwa kila kitu.

Ngazi zilikuwa za saruji ya kijivu, isipokuwa kidato kimoja cha katikati. Hicho kilipakwa rangi nyekundu, mpya, inang'aa. Kila aliyepanda alikiruka. Hakuna aliyewaambia waruke. Mama mmoja mwenye mtoto alikiruka. Suzan, karani wa ofisi ya viwanja, alikiruka na viatu vyake vya visigino, ameshika ukuta.

Hapo ndipo alipoangukia Kur.

Kur alikuwa mume wa Athieng. Miguu yake aliiacha vitani. Msimu wa mvua uliopita vijana wanne walimnyanyua kwenye kiti cha plastiki cha bluu kumpeleka ofisi ya viwanja, huko juu, naye akawatania kama desturi yake: "Polepole, vijana, mmebeba jeshi zima!" Kisha mmoja akateleza. Nani, hawakusema, na Athieng hakuuliza. Mzee Arkangelo alinunua jeneza zuri, lenye vishikio vinavyometa, akalia msibani mpaka ikabidi ashikwe. Aliporudi kutoka makaburini akaagiza kidato kipakwe rangi.

Tangu siku ile Athieng hajakubali mikono ya mtu. Lakini kiwanja chao kimeandikwa jina la Kur, na shemeji yake amekwisha kuja kuzunguka uzio akinyoosha kidole hapa na pale. Ofisi inasema mjane apande mwenyewe, aonekane kwa macho. Asipoonekana, kiwanja kinakwenda kwa ndugu wa mume. Halmashauri ilikuwa imemwagiza Arkangelo ajenge njia ya mteremko ili wenye magurudumu wapite. Arkangelo akaomba asamehewe. Leo ombi lake linasikilizwa. Wapi? Huko huko juu.

Lodu, askari wa mlangoni, akashuka. Alikulia Uganda, na Kiswahili chake alikileta kutoka huko.

"Mama, injinia nasema panda. Vijana iko tayari."

"Mwambie ashuke yeye. Si ana miguu?"

Lodu akapanda, akaruka kile kidato. Akarudi, akakiruka tena. "Nasema mkutano haiwezi kushuka. Meza iko nzito."

"Meza nzito, mimi ndiye mwepesi?"

"Malesh, mama," akasema, akiomba radhi kwa kosa la watu wengine.

Injinia Rufus wa halmashauri akatokea kwenye baraza ya juu, akaegemea ukingo. "Mama Athieng! Tusipoteze siku. Nitakusemesha kutoka hapa hapa. Mzee anasema mteremko utameza maduka yake ya mbele. Tena anasema njia za namna hiyo ni za nchi ambazo watu hawapendani, mtu anaachwa na kiti chake kama mzigo. Sisi hatuachani. Sisi tunabebana."

"Ndiyo desturi yetu!" Arkangelo akaitikia kutoka ndani.

"Na picha ameleta." Rufus akaiinua.

Athieng aliijua hata kwa mbali. Siku ya kufungua jengo: vijana wanne wamemnyanyua, kitenge kimepanda, mkono mmoja umekivuta kwa nguvu zote, na yeye anacheka meno nje. Suzan ndiye aliyeipiga kwa simu yake. Alicheka kwa kuwa paja lilikuwa wazi mbele ya wakwe. Mtu anayebebwa hana ruhusa ya kununa; akinuna leo, kesho atabaki chini. Kisha, walipomtua, akasema yale ambayo kila abebwaye husema: Mungu awabariki, nyumbani sikosi mikono.

"Imeandikwa hapa chini, 'Nyumbani sikosi mikono.' Ni maneno yako?"

"Yangu. Lakini ilikuwa asante."

"Asante ni neno jema," Rufus akasema, kwa upole, na upole huo ukamkata kuliko ukali. "Basi swali ni moja tu, mama. Tangu jengo hili lifunguliwe, umewahi kukosa mtu wa kukubeba?"

Athieng akapima majibu yote mawili. Akisema amekosa, atakuwa mwongo, na Lodu yupo pale ameshuhudia. Akisema hajakosa, mteremko umekufa.

Polepole, vijana.

Sauti ya Kur ilitoka kwenye kile kidato, wazi, kama mtu aliyeinama sikioni. Akageuka. Lodu naye alikuwa amegeuka.

"Umesikia?"

"Mimi hapana sikia kitu," Lodu akasema, haraka mno.

Sasa mzee Arkangelo mwenyewe akatokea barazani, shati jeupe, msalaba kifuani. "Dada yangu, sema ukweli tu. Mimi ndiye niliyekuzikia mume."

Athieng akamgeukia askari. "Lodu, nenda uwaambie hivi. Kitendawili: bwana wangu hakanyagi chini, wanne humchukua, wala hawamwulizi aendako. Wakikitegua, na mimi nitajibu."

Lodu akapanda polepole. Juu kukawa na kicheko, viti vikivutwa. "Kitanda!" akapiga kelele mmoja. "Kitanda kina miguu minne!" "Mbunge!" akasema Suzan, wakacheka zaidi. Arkangelo akarudi ukingoni akifuta machozi ya kicheko.

"Nimeshindwa, dada! Nakupa mji. Chukua Juba yote!"

Wakapiga makofi. Rufus akaangalia saa yake, akamtazama mwanamke aliye chini, akangoja kama mtu anayengoja maji yachemke. "Ndiyo au hapana, mama?"

Athieng alikitazama kidato.

"Basi," Rufus akasema. "Aliyenyamaza amekubali."

Muhuri ukagongwa kwenye ombi la Arkangelo, mlio wake ukashuka ngazi zote.

Arkangelo hakuwa mtu wa kinyongo. Akashuka na soda mkononi, akiita: "Vijana! Mpandisheni dada yangu, anywe soda, amalize na mambo ya kiwanja leo leo. Tupige na picha. Nani anasema hatubebani?"

Kiti cha bluu kikaletwa. Wakamtoa kwenye baiskeli wakamweka humo, kama ndoo ya maji inavyohamishwa.

"Mimi sijasema..." akaanza.

"Mafi mushkila, mama, hakuna shida," akasema kijana mmoja kwa wema kabisa.

Walikuwa watatu. "Lodu!" Arkangelo akaita, simu imeinuliwa tayari. "Shika mguu wako wa kiti, ule wa nyuma, kama siku zote."

Lodu akashika. Ardhi ikamwacha Athieng. Kitenge kikapanda, akakivuta. Baiskeli yake ikabaki chini peke yake, gurudumu la mbele likizunguka bure.

"Cheka, dada! Tazama huku!"

Hakutazama huko. Aligeuza shingo mpaka akauona uso wa Lodu, karibu, umelowa jasho.

"Wewe ndiye uliyebeba kitendawili changu kwenda juu," akamwambia taratibu. "Hukukitegua. Nani huyo?"

Walifika kwenye kidato chekundu, wakasimama wote kwa pamoja. Mtu mmoja anaweza kukiruka. Wanne waliobeba hawawezi. Juu, Rufus akauliza kuna nini. Kijana wa mbele akainua mguu, akaurudisha. Kiti kikayumba.

"Maiti, mama," Lodu akasema.