Mtepe Usio na Msumari

Mwaka 1954 mzungu mmoja mwenye shamba la mkonge alitaka mtepe mdogo, chombo cha baharini cha kizamani kinachoshonwa kwa kamba bila hata msumari mmoja, auonyeshe kwenye sherehe za Tanga. Fundi Soud wa Moa aliikubali kazi, akamchukua shemeji yake Hamad amsaidie kushona.

Hamad huyo alikuwa mvivu wa kutupwa. Alipochoka kushona alipigilia misumari, kisha akaifunika kwa kamba. Soud aliigundua alipopapasa mbao. Alijua mbao za mtepe hucheza na mawimbi, na msumari ungezipasua. Akaiacha misumari pale pale.

Siku ya kukishua chombo majini, mbele ya kijiji kizima, alimshika Hamad mkono.

"Shemeji, heshima hii ni yako. Kiendeshe wewe, peke yako."

Hamad akatoa macho. "Mimi? Fundi si wewe?"

"Kwani una wasiwasi na kazi yako?"

Watu wakacheka, wakampandisha. Soud akamfuata kwa ngalawa.

Nje ya mwamba mbao zilipasuka, maji yakamfika Hamad shingoni.

"Shemeji! Nirushie kamba!"

Soud akamrushia nyundo.