Doa Juu ya Kabati

Mchoraji alikuwa hapati usingizi tangu bosi wa kiwanda cha vitambaa amwambie kwamba maua yake yamechosha. Alishachora majani, manyoya ya ndege, magamba ya samaki, hata picha za jangwa alizokata kwenye magazeti, na kila mchoro ulirudi na jibu lile lile: "Tumeshaona." Safari hii akikosa, meza yake anapewa mtu mwingine.

Basi asubuhi moja, akiwa bado amejilaza, macho yakatua kwenye doa la unyevu ukutani, juu ya kabati, doa ambalo kila siku alikuwa akimpigia mumewe kelele alifute. Lilitambaa kama mizizi, kingo zake rangi ya kutu, katikati kijani cha ukungu. Huo ndio mchoro! Alilipiga picha kwa simu, ukatoka uchafu mtupu, kwa hiyo akapanda juu ya kiti na kulichora kwa mkono. Muda wa kazi ulimkuta amefika nusu. Bosi aliichukua ile nusu, akaisogeza dirishani aione vizuri.

"Kesho niletee iliyobaki. Usinivunje moyo."

Jioni alirudi nyumbani mbio mbio. Mlangoni alipokewa na harufu ya rangi.

"Ingia, mama watoto!" mumewe aliita kutoka chumbani kwa furaha. "Si umenisema mwaka mzima? Leo nimeomba ruhusa kazini."

Ukuta ulikuwa mweupe pe. Alikuwa ameukwangua kwanza, akaupaka mara mbili, mwanamume ambaye bawaba moja ya jikoni imemshinda tangu waoane! Bidii yote hiyo, aipate leo? Mkewe alitaka kupiga yowe. Badala yake alikaa kitandani, machozi yakimtoka, na mume, maskini, akadhani ni ya furaha.

"Ngoja nikaoge," mume alisema, akageuka.

Ukungu na kutu alivyokwangua vilikuwa vimemwangukia mgongoni, vikachanganyika na jasho na rangi, na vyote vikateremka kwenye fulana vikiachana na kukutana kama ile mizizi ya ukutani.

"Simama hapo hapo!" Mkewe alipapasa penseli mkobani. "Usijifute. Usipumue sana."

"Kuna nini? Mdudu?"

Mkewe alianza kuchora ile nusu iliyobaki. Jasho lilikuwa limeshaanza kukauka.