Fomu ya Kupita Nyuma ya Maji

Watu hudhani nimekasirika kila ninapofungua mdomo. Sivyo. Nilifanya kazi miezi kumi na minane nyuma ya maporomoko ya maji, mahali ambapo mtu akikupigia kelele sikioni unaona mdomo tu unachezacheza, na tangu hapo masikio yangu hayajarudi nyumbani. Ndiyo maana napaza sauti. Mke wangu, Mungu amrehemu, alikuwa akiwaambia majirani, "Hatugombani, ananiomba chumvi."

Lakini siku ninayoieleza hapa nilikuwa na hasira kweli, na bado ninayo.

Binti yangu ndiye aliyenipeleka. Ni mwalimu wa hesabu, mama wa watoto wawili, mtu wa haraka. Hata chai huinywa amesimama. Maporomoko yale sasa yana jina kubwa. Watu wanatoka mbali kuja kupita nyuma ya maji, na picha yake iko kwenye kalenda ya kila ofisi. Mimi sikuwahi kurudi tangu siku tuliyofunga vyombo vyetu. Mwaka huu magoti yameanza kunipa notisi, nikamwambia, "Nipeleke kabla sijaanza kubebwa. Nataka tupite wote, nikuonyeshe jiwe moja."

"Lile la alama kumi na nne," akasema.

"Lilelile."

"Baba, hadithi hiyo naijua tangu nanyonya."

"Kuijua unaijua. Kuiamini ni jambo jingine."

Hesabu imemfundisha kutokubali asichoweza kukihakiki, na simlaumu, maana mimi ndiye niliyemlipia hizo hesabu.

Niieleze kazi yenyewe kwa ufupi. Tulikuwa waashi kumi na wanne. Nyuma ya maji palikuwa na ukingo wa jabali usiozidi upana wa meza, umejaa utelezi. Tuliupanua kwa tindo na nyundo, tukajenga ngazi arobaini na moja za mawe. Kila ngazi tuliilaza ikiinama kidogo kuelekea nje ili maji yasituame. Juu yake tuliitia meno kwa tindo ili unyayo ushike. Jiwe la juu la kila ngazi tulilichomoza vidole viwili mbele, maji yadondoke yasilambe saruji ya chini. Kwa kuwa hatukuweza kusikilizana, kila mtu alifungwa kamba kiunoni na tulizungumza kwa kuivuta: mara moja, simama, mara mbili, leta tindo, mara tatu, nitoe huku.

Mwenzetu mmoja tulimwita Kinanda. Aliimba kutwa nzima mle ndani, na hakuna aliyewahi kusikia wimbo wake hata mmoja. Siku tulipofika ngazi ya ishirini na moja kamba yake ilikatika kwenye ncha ya jabali. Kamba ilikuwa kuukuu, tulishasema. Mjane wake alipokwenda kwa mkandarasi, alionyeshwa karatasi yenye dole gumba la mumewe. Karatasi ilisema amekubali kwamba lolote litakalompata ni juu yake mwenyewe. Sote kumi na wanne tulikuwa tumeweka dole kwenye karatasi kama ile siku ya kwanza. Tuliambiwa ni maneno tu, ni utaratibu. Hakuna kati yetu aliyejua kusoma.

Kesho yake, kabla ya kulilaza jiwe la ngazi ya ishirini na mbili, tuliligeuza. Kila mtu akachonga mfuo mmoja, yaani alama yake, chini ya ule ukingo unaochomoza. Mimi nilichonga miwili, wangu na wa Kinanda. Kisha tukalipindua, tukalilaza. Msimamizi alikuwa amekataza alama za aina yoyote, lakini alikuwa mtu asiyeinama.

Kazi ilipokwisha nilijiandikisha masomo ya jioni. Nilikuwa na miaka thelathini na moja, mikono imejaa sugu, na kalamu ilikuwa ikinikatikia vidoleni kama kijiti. Miaka sita sikukosa darasa ila kwa homa. Sahihi yangu niliifanyia mazoezi wiki tatu kabla ya kuionyesha kwa mtu. Tangu hapo sijatia sahihi karatasi nisiyoisoma hadi nukta ya mwisho. Benki wananijua. Nikiingia, karani anaagiza kiti.

Basi tukafika, baada ya safari ya saa nne. Palipokuwa na kibanda chetu cha saruji pana maegesho, duka la vinyago na dirisha lenye foleni. Juu ya lango pana ubao mkubwa: NJIA YA ASILI. Kijana mwenye kipaza sauti alikuwa akiwaambia wageni kwamba maji yenyewe yalichonga ngazi zile kwa maelfu ya miaka.

Nilimsogelea. "Maji hayo yalitumia pimamaji?"

"Yalitumia nini, babu?"

"Pimamaji, ya kusawazishia mawe. Ngazi arobaini na moja, kila moja kimo cha sentimita kumi na saba. Maji yalipimaje?"

Wageni wawili wakacheka. Kijana naye akacheka, akasema, "Maumbile yana maajabu yake, babu," akaendelea na hadithi yake.

Binti yangu alikuwa ameshapanga foleni. Akarudi akipunga vikuku viwili vya karatasi vya kuvaa mkononi. "Twende. Nimemaliza yote."

"Yote yapi?"

"Tiketi, fomu. Nimekujazia na yako."

"Fomu gani?"

"Fomu tu, Baba. Kila mtu anajaza."

Nilikwenda dirishani nikaiomba. Karani, binti mwenye kucha ndefu na uso wa upole, aliitafuta kwenye rundo akanipa. Nikavaa miwani. Jina langu liliandikwa kwa mwandiko wa binti yangu, ule wa ubaoni, wa mviringo. Chini yake, kwenye mstari wa sahihi, alikuwa ameniwekea mkwaju, mstari mmoja wa mshazari tu.

Nikasoma. Nanukuu, kwa sababu niliirudia mara tatu: "Ninatambua kuwa njia ya nyuma ya maporomoko ni ya asili, haikujengwa na mtu yeyote, na kwa hiyo hakuna mtu wala ofisi itakayowajibika kwa kuanguka, kuumia au kifo."

Nikageuka nayo mkononi.

"Umesoma ulichonitilia?" nikamwuliza binti yangu.

"Nimepitisha macho."

"Umepitisha macho. Soma sasa. Kwa sauti."

"Baba, watu wanatuangalia."

"Waache. Wamekuja kuangalia vitu. Soma."

Akasoma, mwanzo kwa sauti ya kumaliza haraka, kisha polepole. Alipofika "haikujengwa na mtu yeyote" akayarudia maneno hayo, akamalizia kwa sauti ndogo.

"Kinanda alitiliwa maneno na watu asiowajua," nikasema. "Mimi nimetiliwa na mwanangu niliyemsomesha."

"Nilitaka usisimame kwenye foleni. Magoti yako."

"Magoti yangu hayajasahau kusoma."

Hilo lilimuuma, niliona. Nami nilitaka limuume.

Nikaazima kalamu kwa karani. Nikapiga mstari juu ya maneno "ni ya asili, haikujengwa na mtu yeyote", nikaandika juu yake kwa mwandiko wangu: "ilijengwa na waashi kumi na wanne, mmoja akafa." Nikafuta ule mkwaju, nikatia sahihi yangu kamili, nikairudisha.

Karani akaitazama kama aliyepewa samaki aliyeoza. "Babu, fomu haichorwi."

"Sijachora. Nimesahihisha."

"Nitamwita meneja."

"Mwite. Na mkubwa wake."

Meneja alikuja akiwa amekunja mikono ya shati, mtu mnene, mwenye adabu za kulipwa. "Mzee wangu, tatizo nini?"

"Mimi si mzee wako. Wako yuko kwenu. Mimi ni mwashi, na hiyo njia niliijenga."

Akatabasamu. "Tunawaheshimu sana wazee wetu. Ila unaelewa, wageni wanapenda asili. Nikiwaambia ni mawe ya kupangwa na saruji, nani atakuja?"

"Na mtu akianguka?"

"Haya mambo ya maji, mzee. Maji ni maji."

"Maji ni maji, kwa hiyo hakuna wa kuulizwa. Umeifuta kazi ya watu kumi na wanne ili usiwe na wa kumlipa akivunjika mguu. Ungalisema hivyo tu, ningalikuheshimu kidogo."

Tabasamu likapungua. "Una karatasi yoyote inayoonyesha kwamba mlijenga nyinyi?"

Wasomaji, hapo ndipo nilipotaka kumpiga. Karatasi pekee iliyowahi kuonyesha kwamba nilikuwapo mle ndani ilikuwa na dole langu, na ilibaki kwa mkandarasi. Asiyekuwapo na lake halipo. Lakini mimi nilikuwapo, na langu lipo, limezama mita sitini nyuma ya mgongo wake.

"Fomu safi, unaingia," akasema. "Hii, huingii. Chagua."

Binti yangu akanishika kiwiko. "Baba, saa nne barabarani. Ndiyo siku uliyoingoja. Weka tu hiyo sahihi, ni maneno."

"Kinanda naye aliambiwa ni maneno."

"Sasa utarudi bila kuona?"

Hilo ndilo lililokuwa mezani, na sikulificha moyoni mwangu. Magoti haya hayatanileta mara ya pili. Nilisikia maji kifuani, maana masikio yangu hayasikii tena kitu cha mbali. Nilitaka kuweka kiganja changu chini ya lile jiwe kuliko nilivyotaka kitu chochote mwaka huu.

"Siingii," nikasema. "Wewe umeshatia yako, ingia. Hesabu ngazi. Ya ishirini na mbili, inama, weka vidole chini ya ukingo wa mbele. Kama hakuna kitu, rudi uniambie mbele ya huyu bwana, nami nitamwomba radhi na kutia sahihi fomu yake mara mia."

Alivaa kikuku chake mkononi. Kisha akaenda, kwa hatua za mtu aliyekasirika, bila hata kufunga zipu ya koti.

Nikakaa kwenye benchi. Meneja alibaki karibu, akijifanya anapanga vipeperushi. Kutoka pale maji yanaonekana kama shuka nzito iliyoanikwa, na watu wanaingia upande mmoja wakiwa na rangi na kutokea wa pili wote wakiwa wa kijivu kwa kulowa. Nilimwona binti yangu akiingia. Kwa kawaida watu huchukua dakika kumi. Dakika kumi zikapita. Dakika ishirini zikapita. Nikaanza kuitukana hasira yangu, nikawaza kamba, nikasimama, magoti yakanikalisha.

Alitokea dakika ya ishirini na saba, amelowa hadi nywele, goti moja la suruali limechanika. Hakuja kwangu. Alikwenda dirishani moja kwa moja.

"Nipe fomu yangu," akamwambia karani.

"Umeshatoka, dada, haina kazi tena."

"Basi nipe isiyo na kazi."

Akapewa. Akamgeukia meneja, na alizungumza kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, sauti ya kuvuka uwanja. "Zipo. Kumi na nne. Nimezihesabu mara mbili kwenda na mara mbili kurudi, nimelala kifudifudi watu wakiniruka. Mbili za mwisho zimechongwa na mkono mmoja, zina mwinamo uleule. Maji yamejifunza kuhesabu lini?"

"Dada, punguza sauti."

"Na juu ya ngazi mmepaka saruji laini. Inateleza kama sabuni. Baba yangu aliitia meno, nyinyi mkayafuta ili ipendeze kwenye picha. Mimi nimeanguka. Goti hili hapa. Nani anawajibika? Maumbile?"

Meneja akasema ataandika ripoti. Binti yangu akachukua kalamu, akapiga mstari mahali palepale nilipopiga mimi, akaandika maneno yaleyale kwa mwandiko wake wa ubaoni, akaibandika fomu kwenye kioo cha dirisha kwa maji ya kiganja chake. Mama mmoja kwenye foleni, aliyekuwa ameshatia sahihi yake, akaitazama ile ya kiooni, kisha akaigeuza yake akaanza kusoma. Mumewe akamwuliza kuna nini. "Subiri," akamwambia. "Nasoma." Nyuma yao mtu mwingine naye akaanza kusoma. Foleni ikasimama. Karani akashusha pazia la dirisha.

Tulikwenda hadi garini. Alikuwa anatetemeka kwa baridi, nikampa koti langu.

"Sijakusamehe ile sahihi," nikamwambia.

"Najua."

"Hata kidogo."

"Nimesema najua, Baba. Nami sijakusamehe kwa kunituma peke yangu mle ndani."

Tulisimama njiani kuweka mafuta. Alikuwa akinieleza jiwe lilivyokuwa, mifuo ilivyo na kina cha ukucha, ule wa kumi na nne ulivyo mrefu kuliko wenzake, nami nikimweleza kwamba ule nilirudi kuuongeza siku ya pili, na kwamba meneja yule ningempata nikiwa na miaka yangu ya zamani angejifunza pimamaji ni nini. Masikio yake yalikuwa bado yameziba, hivyo alipiga kelele, nami nikapiga zangu. Mhudumu wa pampu akainama dirishani.

"Samahanini," akasema. "Mnagombana?"

"Ndiyo," tukamjibu kwa pamoja, "lakini si sisi kwa sisi."