Sahihi ya Baba

Seline hakuweza kulala chali. Kila alipojaribu, pumzi ilimkaba kama mtu anayezama, kwa hiyo alikaa kitandani katika wadi ya watoto, miguu imevimba, mama yake Benta akimpepea kwa kipande cha leso. Alikuwa na miaka kumi na mitano. Homa ya viungo iliuharibu moyo wake tangu utotoni, na sasa alikuwa na mimba ya mwalimu wake, Obiero.

"Mama, moyo huu hauwezi kubeba mimba," Daktari Wakhisi alisema. "Sheria inaturuhusu kuitoa ili tumwokoe. Mwenzangu pia amekubali. Lakini lazima baba yake aweke sahihi."

"Mimi ndio nilimzaa. Nitaweka."

"Hospitali inataka baba."

"Baba yake alituacha akaenda Luanda Kotieno kwa bibi mwingine. Huyu nimemlea kwa kuuza samaki, omena ya Dunga, daktari. Mimi peke yangu."



"Daktari, mimi nakubali," Seline alisema. Sauti ilimkatikia njiani.

"Wewe ni mtoto," daktari alimwambia, bila ukali. "Mtoto haamui jambo kama hili."

Baba yake, Zadock, aliitwa. Alifika Ijumaa amevaa koti la kanisani, akasimama mbali na kitanda. Daktari alimweleza yote, tena polepole. Zadock aliitikia kwa kichwa mpaka mwisho, kisha akakohoa.

"Mwalimu alikuja kwangu na wazee. Ng'ombe yake iko kwa boma yangu. Huyu ni bibi ya Obiero sasa. Muulize yeye."

"Zadock, mtoto atakufa!"

"Nyamaza, Benta. Naongea na daktari."

Akaondoka kabla jua halijawa kali.

Benta alimfuata Obiero shuleni. Mwalimu alimpokea nje ya darasa, chaki mkononi, akamwita Mama kwa heshima zote, akamsikiliza bila kumkatiza.

"Lakini mimi sijamuoa bado, Mama," alisema. "Ng'ombe moja si ndoa. Mpaka nimalize mahari, huyo ni mtoto wa Mzee Zadock." Akapunguza sauti, maana wanafunzi walikuwa wanasoma kwa pamoja ndani. "Tena nikiweka sahihi, si nitakuwa nimekubali kwa serikali mimba ni yangu? Watanifuta kazi. Nani atamlisha?"

"Atakula nini akiwa kaburini?"

"Mama, usiseme hivyo," Obiero alisema, akarudi ndani kufundisha.

Benta aliporudi wadini, kitandani mwa Seline alikuwa amelala mtoto mwingine, mdogo, amefungwa bendeji kichwani.

"Sista, mtoto wangu ako wapi?"

Muuguzi alikuwa anatandika kitanda cha jirani. Hakugeuka.

"Tumempeleka mataniti, kwa wanaojifungua. Huku ni kwa watoto, Mama. Mwenye mimba si mtoto."

Mataniti kulikuwa na joto na harufu ya dawa na maziwa. Wanawake walilala wawili wawili. Benta alimpata binti yake mwisho wa ukumbi, kwenye kitanda cha mwanamke aliyejifungua asubuhi, ambaye alikuwa amejinyoosha katikati, usingizini, kichanga ubavuni. Seline alikuwa ameachiwa ukingo wa chuma. Aliushika kwa mikono yote miwili, midomo imegeuka rangi ya wino, akijikaza kukohoa kimyakimya asimwamshe mtoto.