Mji Uliohama Mara Mbili

Kitabu cha historia ya Kessling, kile kinachokaa maktaba kikisubiri wageni waliokosa pa kwenda, kinasema waasisi wetu walikuwa watu wa kuona mbali. Uongo mtupu. Waasisi wetu hawakuona hata kilichokuwa nusu maili mbele yao. Leo tuna hospitali, shule mbili, bwawa la kuogelea na taa za barabarani zinazojiwasha zenyewe, na vyote hivyo vimekaa juu ya ubishi wa mjane mmoja.

Mjane huyo aliitwa Orpha Dunleavy. Mwaka 1886 mji wetu ulikuwa juu ya kilima cha Nebraska, nyumba thelathini na upepo. Orpha alikuwa na hoteli ya mbao ya ghorofa mbili aliyoachiwa na marehemu mumewe, mtu aliyefanya jambo moja la maana maishani mwake, nalo ni hiyo hoteli. Kabla ya ndoa Orpha alifua nguo za watu kule Omaha kwa miaka tisa, mpaka vidole vikawa vinambanduka ngozi. Aliapa kutorudi kwenye beseni la mtu mwingine akiwa hai. Hoteli ikifa, beseni linamngoja, na hilo alilijua kila alipoamka.

Basi kampuni ya reli ikatangaza kwamba reli itapita bondeni, maili tano kusini. Mji ulioachwa na reli siku hizo ulikuwa maiti iliyokosa jeneza tu. Watu wetu wakafanya kama miji mingine ilivyofanya: walingoja ardhi igande kwa baridi, wakainua nyumba zao kwa jeki, wakazilaza juu ya magogo, wakafunga maksai, wakaanza kuvuta. Kampuni ilikuwa imepima viwanja huko bondeni na kuweka sharti kwamba atakayefika kwanza na nyumba yake ndiye atakayechagua kwanza. Kila mtu alikitaka kiwanja cha kona kinachotazamana na stesheni. Treni ingesimama hapo dakika ishirini, na abiria wangeshuka na njaa zao.

Orpha aliondoka wa kwanza, jiko likiwaka. Wapangaji wake walikunywa chai mezani huku dirishani kilima kikirudi nyuma taratibu. Nyuma yake alifuata Shemasi Lemuel Prather na duka lake. Shemasi alikuwa na maksai wengi kuliko mtu yeyote, lakini vibarua wake walikuwa na pua. Kila harufu ya nyama ya kukaanga ilipotoka kwa Orpha, wawili watatu waliacha minyororo ya shemasi wakaenda kushika ya mjane.

Siku ya tatu ulivuma upepo wa joto, theluji ikayeyuka. Ikibaki nusu maili tu kufika, hoteli ikazama kando ya kijito, matope mpaka kizingiti cha mlango. Shemasi alizunguka juu kidogo penye mawe, akavuka salama, kisha akarudi kwa miguu kumpa pole.

"Pole sana, Bi Orpha. Hata Farao alikwama."

"Farao alikuwa anafukuza watu, Shemasi. Mimi nilikuwa mbele."

Shemasi akatoa karatasi mfukoni. "Kesho nitakuletea maksai ishirini. Kuna kiwanja kimebaki nyuma ya zizi la farasi. Ila utie sahihi hapa: hakuna bia, hakuna karata, na Jumapili unafunga."

"Nyuma ya zizi?"

"Kuna upepo mzuri pale."

"Upepo wa nini?"

Vibarua walicheka, shemasi hakucheka. "Basi kaa hapa na vyura."

"Nitakaa. Vyura hawajaniletea karatasi."

Alijibu vizuri, na nyumba nyingine zote zikampita moja moja kwenda bondeni. La mwisho lilikuwa kanisa, kengele yake ikilia kwa kila jiwe. Lilipotokomea aliingia jikoni, akakaa juu ya gunia la viazi, akalia kwa sauti. Aliogopa. Hoteli matopeni ni banda la kuku lenye ngazi.

Aliyemtoa kwenye hilo gunia ni mpangaji wake, Ezra Colfax, wakili asiyekuwa na wateja wala nia ya kulipa kodi ya chumba. Alimwambia kwamba eneo lote la kijito, eka mia na sitini, bado lilikuwa la serikali, na sheria ilimpa bure yeyote mwenye nyumba juu yake na anayelala ndani kwa miaka mitano. Watu walikuwa wakiazimana vibanda vya magurudumu ili wakaape kwamba wana nyumba. Orpha alikuwa na vyumba kumi na viwili.

Kesho yake alikuwa mbele ya karani wa ardhi.

"Kuna nyumba?"

"Ya ghorofa mbili."

"Ilijengwa lini?"

"Haikujengwa pale. Ilifika."

Karani alimtazama, akaandika.

Treni ikaja msimu wa mavuno. Stesheni ikapewa jina la Kessling kwa sababu kampuni ilizipa stesheni zake majina kwa kufuata alfabeti na karani wao alikuwa amefika herufi K. Kilichokuja kugundulika ni kwamba kisima cha stesheni kilikuwa na maji ya magadi. Boila za injini zilitoa povu, mabomba yakaziba. Dereva mmoja, Cormac Teague, alichoka kutukanana na injini yake, akasimamisha treni pale reli ilipovuka kijito cha Orpha. Maji yake yalikuwa matamu. Orpha hakupoteza nafasi: kabla ndoo ya kwanza haijajaa, Teague alikuwa na sahani ya maharage mkononi na kipande cha pai juu ya kofia.

Baada ya wiki mbili madereva wote walikuwa na kiu mahali palepale. Abiria wakafuata. Shemasi alikuwa amefungua chumba cha chakula kwenye kiwanja chake cha kona, na treni zikawa zinamfikia na watu walioshiba, wanaoingia kuuliza choo kiko wapi.

Kampuni ilikataa kukubali kosa kwa miaka mitano, maana kampuni ndivyo zilivyo, ikaua boila kumi na moja. Mwisho akaja mhandisi, akaonja maji ya kijito, akala vipande vitatu vya pai, akaandika kwamba stesheni ihamie hapo. Orpha wakati huo alikuwa na hati ya ardhi kabatini, chini ya vitambaa vya meza.

Mji ukafunga tena maksai. Kabla ya kuvuta, ilibidi kila mtu aje kuomba kiwanja. Shemasi alikuja wa mwisho, kofia mkononi.

"Bi Orpha, tumezungumza kanisani, tukaona ni mapenzi ya Mungu mji usogee."

"Angesema mapema, tungewapumzisha maksai."

"Nahitaji kiwanja."

Maneno aliyotaka kumwambia alikuwa ameyapanga kwa miaka mitano, mengine hayafai kuandikwa. Lakini shemasi alikuwa amekonda, na kola yake ilimzunguka shingo bila kuigusa. Orpha akakasirika kwa kuona huruma.

"Kaa ule kwanza," alisema.

Katika miaka yote shemasi hakuwahi kula kwenye nyumba yenye bia. Alikaa. Alikula nyama, maharage, mkate wa mahindi, akapangusa sahani, akala pai, akatazama mlangoni kama kuna anayemwona, akaongezwa pai nyingine. Kisha akasema polepole, kama anayejisemea, "Kumbe."

Orpha aligeukia jiko ili asimwone anavyotabasamu. Baadaye alisema hati ya ardhi ilikuwa nzuri, ila hilo neno lilikuwa zuri zaidi. Akakunjua ramani ya viwanja mezani.

"Haya, Shemasi. Duka lako unataka litazame wapi?"

"Huku jikoni," alisema shemasi, macho yake bado kwenye sahani.