Kikofia cha Dhahabu

Hendeli ya lori haina urafiki na mtu. Ukiishika vibaya inarudi nyuma, na hapo utajua mwenyewe. Wahab alijua pale njia panda ya Kikorongo, mwaka wa pili tangu reli ifike Kasese, akiwa amebeba kahawa ya Bwera kuipeleka stesheni. Injini ilizimika, akashuka kuizungusha, hendeli ikamrudi ghafla na kumpiga mdomoni. Mdomo ulipona. Jino la mbele, la juu, lile la katikati kabisa, halikuvunjika wala kung'oka, ila lilifia palepale lilipo. Likaanza kubadilika rangi pole pole, na mwishowe likawa jeusi kama punje ya mahindi iliyoungua.

Tangu hapo Wahab, dereva aliyejulikana barabara nzima kwa kicheko chake, akawa mtu wa kuchekea kiganjani. Ukimtania, mkono unapanda mdomoni kwanza, kicheko kinafuata. Wenzake wakambandika jina, wakamwita Bibi Harusi. Alivumilia, maana alikuwa na jambo kubwa zaidi moyoni. Alimpenda Mastula, binti wa Mzee Muniru, mwenye duka la vitambaa na chumvi pale Bwera. Posa ilipelekwa, Mastula akaulizwa na shangazi yake, akakubali, na siku ikawekwa: Ijumaa, baada ya swala.

Wahab alijituliza kwamba Mastula hajaliona lile jino. Angeliona wapi? Kila aliposhusha mzigo dukani aliongea ameinamisha uso, kiganja mdomoni, hata Mzee Muniru akasifu kwamba kijana huyu ana adabu. Adabu gani, jamani! Mtu alikuwa anaficha kaa la moto lililozimika.

Wiki ya harusi ilipoingia, usingizi ukamhama. Siku hiyo hakutakuwa na kujiziba. Ataingizwa chumbani, Mastula atafunuliwa shela, atainua macho amtazame mumewe kwa karibu, na mumewe atafungua kinywa. Wahab alimwona kabisa akigeuza uso. Wazo hilo lilimuuma kuliko hendeli yenyewe.

Siku ya soko akaenda kwa Kosmasi, fundi wa meno aliyekuwa akivuka kutoka upande wa Kongo. Kazi alijifunza kwa masista wa misheni huko kwao, na pale Bwera alikuwa na meza yenye kitambaa cheupe, koleo, tupa ndogo, na meno ya bandia ndani ya kopo la sigara. Alimkalisha Wahab kwenye kiti, akaligonga jino kwa mpini wa kijiko. Wahab hakusikia kitu. Akaminya ufizi juu ya jino, na hapo Wahab aliruka nusura aiangushe meza.

Kosmasi akamweleza bila haraka, akionyesha kimoja kimoja. Kulisugua hilo jino ni kazi bure, kwa sababu weusi unatoka ndani. Dawa yake ni kuling'oa, kungoja ufizi ufunge vizuri, kisha kuvaa jino jeupe la bandia lenye kisahani cha kukaa kaakaani, na hakuna atakayejua. Wahab akauliza ufizi unafunga lini. Mwezi na zaidi, akajibiwa. Alipotaja Ijumaa, Kosmasi akainua mabega: basi aoe na pengo, jino atavaa baadaye.

Pengo! Pale Bwera mwanaume mwenye pengo la mbele anahesabiwa kuwa mtu wa ngumi na pombe, na Mzee Muniru hakuwa mtu wa kuuliza mara mbili. Wahab alitazama mezani, macho yakamganda kwenye kitu kilichong'aa. Kilikuwa kikofia cha jino, cha dhahabu.

"Hii inawezekana leo," Kosmasi alisema, akikifunika kwa kidole. "Ninapunguza jino na tupa, ninaivalisha. Lakini jino yako iko maiti, ndugu. Uozo iko juu kule, kwa muzizi. Nikiifungia ndani, itatafuta mulango ingine ya kutokea."

"Vika," Wahab alisema.

"Nimekuambia, siyo dawa. Ni nguo."

"Ndiyo nataka nguo. Vika."

Tupa ikalia kinywani mwake mpaka machozi yakamtoka, si kwa maumivu, jino lilikuwa limekufa, bali kwa ile sauti. Halafu akapewa kioo. Weusi haukuwepo tena! Akacheka peke yake, kinywa wazi katikati ya soko, akaondoka akipiga mluzi.

Furaha haikufika mbali. Dereva mwenzake Badiru alimtazama mdomoni, kisha akamuuliza kama amemfikiria Mzee Muniru. Nani asiyejua kwamba mzee yule aliwahi kumsimamisha tajiri mmoja mbele za watu, akamwambia avue pete ya dhahabu kwanza ndipo akanyage mkeka wake? Dhahabu na hariri ni za wanawake, mzee husema, mwanaume akivaa anajivalisha moto. Wahab mwenyewe alifundishwa hayo katika chuo cha Kurani akiwa mtoto. Lakini pale kitini hakuona mkeka wala moto, aliona weusi tu.

Alirudi sokoni mbio. Meza imekunjwa, Kosmasi amekwishavuka mpaka, na soko linalofuata ni baada ya harusi. Badiru akajaribu kumpoza, akasema wako mashehe wanaoruhusu jino la dhahabu kwa mwenye dharura. Huenda ni kweli. Lakini nani atasimama kumsomesha Mzee Muniru siku ya kumwoza binti yake? Wahab akakata shauri: atafumba mdomo. Ndoa ikishafungwa, imefungwa, lawama zije baadaye.

Alhamisi jino lilianza kudunda. Jioni lilikuwa linadunda na moyo, pigo kwa pigo. Ijumaa asubuhi mdomo wa juu ulikuwa umevimba, shavu limeinuka mpaka chini ya jicho, na homa ikampanda. Badiru alimpaka mafuta ya karafuu, akamvalisha kanzu, akamfunga kilemba kikubwa kilichoteremka upande mmoja. Walioona walisema bwana harusi ana haya.

Mkeka ulitandikwa sebuleni kwa Mzee Muniru. Nyuma ya pazia la mlango wa ndani walikuwa wanawake, na Mastula katikati yao. Shehe alisoma hotuba, Wahab akaona maneno yanakuja na kuondoka. Kisha Mzee Muniru akamshika mkono wa kulia, akasema kwa sauti iliyofika barazani kwamba amemwoza binti yake Mastula kwa mahari waliyokubaliana. Zamu ilikuwa ya Wahab.

"Mm-mekubali," alisema, midomo imebanwa.

Shehe akamwomba arudie. Akarudia, ikatoka vilevile, mvumo wa nyuki ndani ya chupa. Musitafa, mmoja wa mashahidi wawili, mtu mpole lakini mwenye msimamo, akasogeza sikio. Akasema yeye hawezi kushuhudia neno ambalo hakulisikia. Minong'ono ikaanza. Mmoja akasema kijana analazimishwa. Mwingine akajibu kwamba labda ana mke Kasese, ndiyo maana ulimi unamsaliti. Wahab aliyasikia yote. Alikuwa ameficha kitu kidogo, sasa anashukiwa kikubwa.

Mzee Muniru akauachia mkono wake.

"Kijana," alisema, "mimi sitoi mutoto kwa mutu anakubali na pua. Kama hutaki, simama uende. Hakuna atakugusa."

Wahab aliona mzee anaanza kuinuka. Alijua mzee akishasimama hakai tena, na Mastula amempotea. Basi Wahab akafungua kinywa, wazi kabisa, akakigeuzia mlangoni kwenye mwanga.

Dhahabu ikang'aa. Juu yake ufizi ulikuwa umetuna, mwekundu, na usaha unachuruzika pembeni. Harufu iliwafikia waliokuwa karibu, na Shehe akaziba pua kwa ncha ya shuka. Wahab akasema yote, kwa shida na kwa kutema: hendeli, weusi, Kosmasi, kikofia. Alisema hakuvaa kwa maringo. Alisema alikuwa anaogopa.

Mzee Muniru aliikazia macho ile dhahabu. Hasira ilikuwa usoni, kila mtu aliiona, lakini chini yake kulikuwa na kitu kingine, mzee hakujua akiweke wapi. Hatimaye akamwita dada yake, Senga Halimah, yule shangazi wa Mastula, aliyekuwa akiingia na kutoka pazia lile tangu asubuhi. Akamwambia aende kwa Mastula, amweleze kila kitu bila kupunguza, dhahabu na usaha, na amuulize kama bado anaendelea. Asijibiwe na mtu mwingine yeyote, Mastula mwenyewe aseme.

Senga Halimah akaingia. Wahab alipiga magoti pale mkekani, jino linadunda, macho kwenye pazia. Aliomba kwa moyo wote asikie hapana haraka, kama ni hapana. Kusubiri ndiko kulikomuua.

Pazia likafunguka. Senga hakukaa. Alisimama mbele ya Wahab akamtazama kwa namna ya mtu anayezuia kicheko au kilio, haikujulikana.

"Amesema nikuambie hivi," alisema. "Siku mimi niliulizwa kama namutaka, jino ilikuwa nyeusi."

Wahab aliinamisha kichwa, na aibu iliyompata ilikuwa nzito kuliko ile ya kuonyesha usaha. Mastula aliliona! Pale dukani, nyuma ya kiganja, aliliona muda wote, na ndipo akakubali. Wahab mwenyewe ndiye aliyekuwa amejitazama na kujikataa, kisha akamsingizia msichana wa watu.

Alisimama bila kuambiwa. Akamwomba Badiru koleo la lori na maji ya moto yenye chumvi, wakatoka uani. Jino lilikuwa limeshalegea ndani ya uozo wake, lilitoka na kikofia chake, na kilichofuata nyuma ya jino Badiru hakupenda kukisimulia hata miaka ya baadaye. Wahab alisukutua, akatema, akasukutua tena. Maumivu yakashuka kama mzigo unaoteremshwa.

Akarudi mkekani na damu kifuani mwa kanzu nyeupe. Mzee Muniru aliitazama damu, akalitazama pengo, akamshika mkono upya. Akasema maneno yake, polepole kuliko mwanzo.

Wahab akainua uso kuelekea pazia. Akafungua kinywa chote, pengo na damu, akasema amekubali. Hewa ilipenya pengoni ikapiga mluzi katikati ya neno. Musitafa akatikisa kichwa kuafiki, na hakuna aliyemwambia arudie.